Ukuta wa Kuchania Nywele

"Simama hapa, mzee wangu. Toa kitana mfukoni. Haya, chana nywele."

Mteja hakuwa na nywele za kuchana, lakini alisogea akatazama. Na kweli, kwenye ukuta wa sebule uliong'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa, alijiona mzima mzima: upara, miwani, na mdomo uliobaki wazi.

"Huu si ukuta, ni kioo," alisema.

"Kioo kinapasuka," Msasa akajibu, akijipiga kifua kwa kiganja chenye madoa ya rangi. "Huu haupasuki, haubanduki, hauchubuki. Nitafutie nyumba kavu kuliko hii mji mzima. Ukiipata, naacha ufundi leo hii, nakwenda kuuza karanga. Unyevu ukifika mlangoni kwangu unapiga hodi, unaniona, unaomba radhi, unarudi kwao."

Fundi rangi huyu walimpa jina la Msasa kwa sababu hakuwahi kuona kinundu akakiacha. Wenzake kazini walidai hata mkate aliusugua kwanza ndipo akaupaka siagi. Nyumba yake ya kupanga, sebule na chumba kimoja kikubwa, katikati ya safu ya nyumba zilizoshikana mabega, ndiyo ilikuwa duka lake. Wateja waliletwa pale kuonyeshwa kazi, na kwa ajili yao nyumba iliishi kwa amri kama kambi ya jeshi. Nguo hazikuanikwa nje, zisije zikaharibu sura ya mbele. Zilining'inia chumbani, kwenye kamba iliyofungwa kutoka kabatini hadi dirishani. Madirisha hayakufunguliwa rangi ikiwa mbichi, vumbi lisije likanata. Na kwa Msasa rangi ilikuwa mbichi mwaka mzima, maana kila alipoona kidoa kidogo cheusi kwenye kona, alikipaka papo hapo, akapuliza, akaondoka anapiga mluzi.

"Pitisha kiganja," alimwambia mteja. "Usiogope, haung'ati."

Mteja alikuwa amepitisha kiganja hadi nusu ya ukuta kikohozi kiliposikika kutoka chumbani. Kikohozi kikavu cha kukwaruza, kilichoanza, kikasita, kikaanza tena kama pikipiki iliyoishiwa mafuta.

"Binti yangu," Msasa alisema kabla hajaulizwa. "Mafua ya watoto. Yanakuja yanaondoka."

Hajamaliza kusema, ukelele ukatoka chumbani. Haukuwa wa mtoto. Ulikuwa wa mke wake, na mke wake alikuwa msusi, mwanamke aliyeshinda kutwa akisikiliza umbea wa mji mzima bila kushtuka. Msasa alikuwa hajawahi kumsikia akipiga ukelele wa namna ile, hata siku alipojifungua.

Alikimbia. Mteja naye, kwa kuwa hakuna binadamu anayesikia ukelele akabaki anapapasa ukuta, alimfuata.

Mke wake alikuwa amebanwa kati ya kitanda na kabati la nguo. Alikuwa analisogeza kabati peke yake ili apate nafasi ya kutandika godoro, kwa sababu mama yake alikuwa njiani kuja kuwatembelea. Kabati lilikuwa limesogea kidogo tu. Hicho kidogo kilitosha.

Ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi.

Kama ingekuwa doa, Msasa angejua la kufanya. Huu ulikuwa weusi mtupu, kuanzia sakafuni hadi juu ya kichwa cha mtu mzima, na ulikuwa na manyoya. Kingo zake zilikuwa za kijani. Rangi yake ya mafuta, ile ile ya kuchania nywele, ilikuwa imevimba mapele makubwa, na pele moja lililoguswa na kona ya kabati lilipasuka pale pale mbele ya macho yao, likatoa maji ya kahawia yakatiririka polepole hadi chini. Harufu ikawafikia: ya kiatu kilicholowa kikasahaulika, ya kitu kilichozikwa kabla hakijafa.

"Usiguse," mke wake alinong'ona, ingawa hakuna aliyetaka kugusa.

Msasa alifungua mlango wa kabati. Ubao wa nyuma ulikuwa umelainika kama maandazi yaliyochovywa kwenye chai. Suti yake ya harusi ilikuwa imeota ndevu nyeupe, na hapo mwenyewe mwenye suti ndevu zilikuwa zimemkataa tangu ujana. Alisogea nyuma hatua moja, na ndipo alipoona kilichomkausha mate. Upande wa pili wa kabati, kichwa cha kitanda kidogo kimegusana na ubavu wake. Juu ya kitanda, mto. Kwenye mto, alama ya kichwa cha mtoto.

"Nitapiga simu," alisema mteja kutoka mlangoni, akikipangusa kiganja chake kwenye suruali. Alipangusa mara nyingine. Akaondoka bila kuaga, akikipangusa njia nzima.

Msasa alibaki ameduwaa. Kisha, kwa kuwa mikono ya fundi huamka kabla ya akili yake, alisema: "Nipe brashi."

"Brashi ya nini?"

"Nikwangue hapa, nipake rangi mara mbili tu. Mama akifika anakuta pamekauka."

"Baba Kifaranga," mke wake alisema taratibu, "ukuta umeota manyoya. Unataka kuupaka rangi au kuusuka? Maana kusuka hata mimi naweza."

Hakumsikiliza. Alichukua ufagio mkavu akaanza kufagia ukuta kutoka juu kwenda chini, na vumbi jeusi likapanda hewani kama moshi. Wakati huo huo Kifaranga, binti yao wa miaka mitano, aliyekuwa amejificha nyuma ya pazia kwa kuogopa ukelele wa mama, akatoka kuja kuona.

Kifaranga alikuwa mkaguzi wa baba yake. Kila jioni Msasa aliporudi na kipande cha ubao alichokisugua, mtoto alikilaza shavuni, akafumba macho, akatoa hukumu: "Bado," au "Tayari." Hakuna mteja ambaye Msasa alimwogopa kama lile shavu.

"Ba..." alianza kuita, na neno likakatikia hapo.

Akakohoa. Akakohoa tena, akatafuta hewa, hewa ikakataa kuingia. Msasa aliona mbavu za mwanawe zikichoreka moja moja chini ya fulana, shimo la kooni likizama kila alipojaribu kuvuta pumzi, na midomo ikibadilika rangi. Rangi alizijua zote kwa majina. Ile hakuwa na jina lake, na hakutaka kuipa.

Alitupa ufagio, akambeba, akatoka mbio bila viatu.

*

Zahanati haikuwa mbali, lakini Msasa alipofika pale alikuwa hawezi kueleza alivyofika. Mtabibu, binti mmoja mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha, alimvalisha Kifaranga barakoa iliyounganishwa na mashine ya mvuke wa dawa, akasimama na kifaa chake cha kusikilizia kifua, akingoja. Msasa naye alingoja, roho mkononi. Mbavu ziliendelea kuchoreka. Kisha zikachoreka kidogo. Kisha Kifaranga akafumbua macho, akamtazama baba yake juu ya ile barakoa kwa hasira, kama vile yeye ndiye aliyemfunga.

"Anapolala kuna ukungu ukutani?" mtabibu aliuliza.

"Hapana," alijibu Msasa. Jibu lilitoka lenyewe, kwa mazoea ya biashara.

Mtabibu aliitazama mikono yake. Ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko.

"Upo," alisema mke wake, aliyekuwa amewafuata mbio. "Nyuma ya kabati. Nilidhani ni mnyama."

"Sasa nisikilizeni wote wawili. Kifua cha huyu mtoto ni cha pumu. Ukungu unatoa vumbi lake, na yeye analivuta usiku kucha. Dawa nitampa. Lakini mkichukua dawa yangu, kisha mkamrudisha kulala pale pale, mtamleta tena, na tena, na siku moja mtachelewa."

Aliitamka "mtachelewa" bila kupandisha sauti, kama anayesoma saa. Ndiyo maana ilimchoma Msasa hadi kwenye mifupa.

"Ukungu hauoti penye pakavu," mtabibu aliendelea. "Tafuteni unyevu unatoka wapi. Mkisafisha, mtoto asiwepo, funikeni pua, sugueni kwa kitambaa chenye maji na sabuni, msifagie. Na msiupake rangi juu. Utakuwa mmeuvalisha nguo tu, na ndani unaendelea kunenepa. Wewe baba unafanya kazi gani?"

Msasa aliificha mikono nyuma ya mgongo.

"Biashara ndogondogo," alisema.

Mke wake alimgeukia polepole sana, kama mlango usiotiwa mafuta.

*

Waliporudi, mama mkwe alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa juu ya begi lake nje ya mlango, na uso wake ulionyesha kwamba ndani ameshaingia, ameshaona, na ametoka.

"Shikamoo, mama," alisema Msasa.

"Marahaba. Mtoto anapumua?"

"Anapumua, mama."

"Mlete nimsikie."

Alimpokea mjukuu, akaweka sikio kifuani kwake, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akasema, bila kumtazama mkwewe: "Miaka yangu yote nimeona mengi. Nimeona nyoka kitandani. Nimeona paa la nyumba likiruka na mwenye nyumba akilifuata. Lakini ukuta wenye manyoya na mtoto amelazwa ubavuni mwake, hilo sijaliona. Mwanangu, siwezi kukaa kimya. Kesho jioni naondoka na huyu mtoto."

"Mama!" Msasa alishtuka. "Umpeleke wapi?"

"Kwangu. Atarudi siku nitakayojua unyevu huu ulitoka wapi na nani ameukomesha. Nikijua kesho kabla ya jioni, sawa, atabaki. Nisipojua, shule ya chekechea iko hata kule kwetu."

Msasa alimtazama mke wake amsaidie. Mke wake alikuwa ameshaanza kukunja nguo za mtoto.

Nyumba bila Kifaranga! Nani angelaza ubao shavuni? Nani angesema "Bado" kwa ile sauti ya jaji? Na kwa kuwa mtu aliyebanwa hushika chochote kilicho karibu, macho ya Msasa yaliukamata ukuta wa jirani.

"Naujua unatoka wapi," alisema. "Ni bafu la Mama Pindo."

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya pili, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, ambaye muda wote alikuwa na pini mdomoni na aliongea nazo bila kumeza hata moja. Bafu lake lilikuwa upande wa pili wa ukuta ule mweusi.

"Bafu langu?" alisema, akitoka na futi ya kupimia shingoni. "Bafu langu limefanyaje?"

"Linavuja. Wewe mwenyewe unaoga kama tembo. Maji yote yanapenya kwangu. Mwanangu nusura afe leo kwa sababu ya maji yako!"

Kicheko cha Mama Pindo hakikutoka. Alimtazama Kifaranga mikononi mwa bibi yake, akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake.

"Kama ni kweli," alisema, "nisamehe, na vunja. Vunja bafu lote, nitaoga kwenye ndoo. Simuwekei mtoto sumu mimi. Lakini, jirani, usipokuta hata tone?"

"Nitakuta."

"Usipokuta?"

"Nikikosa, niite jina lolote unalotaka mbele ya mtaa mzima."

*

Asubuhi alikuja Koki, fundi bomba, rafiki wa Msasa, mtu mrefu aliyezoea kukaa chini ya masinki hadi akawa anatembea ameinama hata barabarani. Alivunja vigae vya bafu la Mama Pindo. Akachimba. Alifuata bomba kutoka kona hadi kona, tindo ikilia ko-ko-ko, na watu wa safu nzima walisimama kwenye milango yao, maana bafu la mtu likivunjwa mchana kweupe hiyo ni sinema ya bure.

Msasa alisimama mbele kabisa, akingoja maji kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

Koki alitia mkono shimoni. Akatoa konzi ya udongo. Akaifungua hewani, na kilichopeperuka kilikuwa vumbi.

Vumbi! Kavu, jepesi, la kupiga chafya.

"Kaka," alisema Koki, "humu unaweza kuhifadhi mahindi."

Msasa alichutama, akatia mkono wake mwenyewe. Akaupapasa ukuta kwa upande ule. Mkavu. Nyuma yake Mama Pindo alikuwa anatazama bafu lake lililobaki kama shamba lililolimwa na ng'ombe wenye haraka.

"Basi ni paa," alisema Msasa.

"Paa nimepanda kabla sijaanza, hakuna tatizo," alisema Koki. "Twende nikaone kwako."

Wakaingia chumbani wote: Koki, mke wa Msasa, mama mkwe, na Mama Pindo ambaye sasa alikuwa na haki ya kuingia popote. Kifaranga aliachwa kwenye kiti uani, kwenye jua. Koki alizunguka, akagusa kamba ya nguo, akagusa soksi moja iliyokuwa bado mbichi tangu juzi. Akapitisha kidole kwenye kioo cha dirisha, kidole kikalowa.

"Maji haya hayatoki kwenye bomba," alisema. "Mnayaleta nyie wenyewe."

"Sisi?" aliuliza mke wa Msasa.

"Nyie. Mnapumua watu watatu usiku kucha. Mnachemsha maji sebuleni hapo. Mnaanika nguo humu. Mvuke wote huo unatafuta pa kutokea. Madirisha mmefunga, shemeji, mpaka komeo limeshika rangi, halifunguki. Ukuta nao umepakwa rangi ya mafuta, haunywi hata kidogo. Sasa mvuke ufanye nini? Unakwenda nyuma ya kabati, penye baridi na giza, unajilaza." Akainua macho juu ya dirisha. "Hata hivyo, isingefikia hali hii. Kwani matundu ya hewa yako wapi?"

Wote wakainua macho. Juu ya dirisha ukuta ulikuwa laini kama yai.

Na hapo, jamani, Msasa akakumbuka.

Alikumbuka wiki alizobaki peke yake alipoipanga nyumba hii, mke akiwa kwa mama yake baada ya kujifungua. Alitaka akija akute kasri. Alikumbuka matundu yale mabaya juu ya kila dirisha, ya mapambo ya saruji, yaliyokuwa yakimwagia vumbi rangi yake ikiwa mbichi. Alikumbuka alivyoyashindilia kwa mabaki ya vitambaa, akaziba juu kwa puti, akasugua kwa msasa hadi mwenyewe akashindwa kujua yalikuwa wapi. Alijisifu usiku ule peke yake, kwa sauti. Tangu hapo hakuwahi kuyafikiria tena, hata siku moja, hata mtoto alipokohoa.

Ni yeye. Kila usiku wa miaka mitano, ni yeye.

Alifungua mdomo aseme, na akaliona begi la mama mkwe mlangoni, na juu yake viatu vidogo vya Kifaranga vimepangwa tayari.

"Nyumba hii haikujengewa matundu," alisema.

"Haikujengewa?" Koki alikunja uso. Alitoka nje. Baada ya muda mfupi sauti yake ikaingia: "Msasa! Mbona huku nje yapo?"

Wakatoka wote. Kweli, juu ya kila dirisha la safu ile yalikuwepo, manne manne, yamechongwa kama maua. Na juu ya madirisha ya Msasa pia, vilevile.

"Hayo ni mapambo," alisema Msasa.

"Mapambo?"

"Mjenzi aliweka sura tu ili yafanane na ya wenzake. Ndani hakutoboa. Uvivu wa mafundi, si unawajua. Mimi niliikuta hivyo hivyo. Nilimlalamikia mwenye nyumba hadi sauti ikanikauka. Nikamwambia, mzee, mke wangu anakuja na mtoto mchanga, tutapumulia wapi? Akanifukuza."

Kadiri alivyosema ndivyo uongo ulivyonoga, na ndivyo alivyoona uso wa mama mkwe ukilegea.

"Kumbe," alisema mama mkwe. "Masikini. Kumbe nimekulaumu bure, mwanangu." Alikwenda mlangoni, akachukua vile viatu vidogo kutoka juu ya begi, akavitia Kifaranga miguuni. "Basi tutamtafuta huyo mjenzi. Mtoto abaki, alale sebuleni kwanza, tutoboe matundu, tusafishe. Si kosa la baba yake."

Msasa alipumua. Ilikuwa pumzi ndefu, tamu, ya kwanza tangu jana.

"Lakini mjenzi gani huyo wa ajabu?" Koki alikuwa bado anatazama juu. "Achonge maua yote haya halafu asitoboe? Hapana, ngoja nimpime. Mama Pindo, niazime ngazi."

"Achana nayo, Koki," alisema Msasa haraka. "Utachafua ukuta."

"Ukuta gani tena, kaka? Huu wenye manyoya?"

Ngazi ikaletwa. Koki alipanda na waya wake wa kuzibulia mabomba, ule wenye ncha iliyojikunja kama mkia wa nguruwe. Akauingiza kwenye ua la kwanza. Msasa aliutazama ukizama, akautazama kama mtu anayetazama sindano ikiuelekea mkono wake. Gonga saruji, aliomba kimoyomoyo. Gonga tu saruji.

Waya ulizama.

"Laini," alisema Koki. "Kuna kitu humu." Akauzungusha, akauvuta, kama anavyovuta nywele kwenye bomba la sinki. Ukagoma. Akauvuta kwa mikono miwili.

Kikatoka kitambaa.

Kilitoka na ulimi wake kwanza, kimelowa, kimeoza kingo, kisha kikafuata kingine kilichonasana nacho, na kingine, na kingine, kama yule mtu wa kiinimacho anayetoa leso kinywani. Vilianguka kwa kishindo cha maji, vikafunguka ardhini miguuni pa Mama Pindo. Chini ya weusi wa ukungu rangi yake bado ilipiga kelele: machungwa makali, yenye vitone vya zambarau.

Kutoka kwenye tundu hewa ilianza kupita, ikapuliza nyuzi chache zilizobaki, fyuu.

"Baba," alisema Kifaranga kutoka kwenye kiti chake, akielekeza kidole, "mapambo yanatoka."

Mama Pindo alikuwa ameinama. Aliokota kipande kimoja kwa ncha za vidole, akakikamua, akakinyoosha kwenye jua. Akaugusa ukingo wake, pale mkasi ulipopita.

"Hiki nakifahamu," alisema.

Msasa akatikisa kichwa, kidogo sana, mara moja tu. Ombi dogo kuliko yote aliyowahi kuomba. Mama Pindo aliliona. Alitazama nyuma, kwenye mlango wa bafu lake, kwenye vigae vyake vilivyolundikwa kama vyombo vilivyovunjika, akamgeukia tena.

"Hiki ni kitambaa cha ile kwaya iliyokataa sare," alisema kwa sauti, ili hata wa nyumba ya mwisho asikie. "Walisema wakivaa wataonekana kama mapapai yenye ndui. Jora zima likanibakia. Hakuna mtu mwingine aliyekinunua mji huu mzima, hata bure walikikataa. Mtu mmoja tu alikuja akaomba mabaki. Na ngazi akaazima, ngazi hii hii, nikaibeba mwenyewe mpaka pale mlangoni."

Mama mkwe alikuwa ameshainama miguuni pa Kifaranga. Alikuwa anavifungua vile viatu, taratibu, kimoja, kisha cha pili, avirudishe juu ya begi.

"Uliniambia ni vya kufutia brashi, Msasa," alisema Mama Pindo. "Nikakupa mfuko mzima, nikajiuliza, jamani, fundi huyu ana brashi ngapi? Haya, niambie mbele ya mama mkwe wako. Hizo brashi zako zilikuwa zinalala ukutani?"